Giligilani, mchicha na mnanaa dirishani: mwongozo kamili kwa anayeishi ghorofani

Picha ninayoonyeshwa kuliko zote ni ile ile: ndoo iko pembeni ya sofa, miche ya giligilani imerefuka, imekonda na kulala upande mmoja, halafu swali linakuja: "Niweke mbolea gani?" Hakuna mbolea itakayoisaidia. Mche huo umekosa jua, na mara nyingi mizizi yake imelowa maji kupita kiasi. Mwanga na maji ndivyo vinavyoharibu karibu kila bustani ya ndani ninayoulizwa habari zake, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa sana.

Mfano wangu ni flati ya Dar es Salaam yenye dirisha moja la maana na kibalkoni cha kuanikia nguo. Aliye Tanga, Mombasa au Zanzibar afuate maelezo yalivyo. Aliye kwenye baridi ya Arusha au Nairobi aongeze siku chache kwenye kila hesabu ya kuota.

## Vifaa

- Ndoo ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kula, kwa ajili ya giligilani (wengine huiita kotimiri au dania). Ndoo iliyokuwa na rangi ya kupaka iache.
- Dumu la lita 20 la mafuta ya kula, lilazwe ubavu na kukatwa upande wa juu, kwa ajili ya mchicha.
- Makopo mawili ya lita 3 hadi 5: moja la mnanaa, jingine la vitunguu majani.
- Visahani au beseni pana za kukingia maji.
- Udongo, samadi iliyooza, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga.
- Mbegu za giligilani na mchicha kutoka duka la pembejeo.
- Vikonyo vichache vya mnanaa na fungu moja la vitunguu majani lenye mizizi, vyote vya sokoni.
- Msumari wa inchi nne, koleo na moto wa jiko.

Usinunue chochote kabla ya kumaliza hatua ya kwanza. Dirisha likikataa, vifaa vyote hivyo vitakuwa mapambo.

## Hatua ya 1: Pima mwanga

Video nyingi za bustani za ndani hutengenezwa Ulaya na Marekani, na zote zinasema weka mimea kwenye dirisha la kusini. Kwa aliye London ni sawa, maana jua la mchana kwake huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua letu la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huhamia kusini. Ukiweka ndoo kwenye dirisha la kusini mwezi Juni, umeiweka kivulini.

Dirisha la kuaminika mwaka mzima ni la mashariki. Hupata jua la asubuhi, lenye nguvu ya kutosha lakini lisilochoma. La magharibi hufaa kwa mchicha na pilipili, ila giligilani itaungua jioni, hasa Januari na Februari. La kaskazini ni zuri sana wakati wa kipupwe, halafu Novemba linakuacha.

Pima hivi. Chagua siku ya jua, kaa nyumbani, na kila saa nyoosha mkono wako sentimita 30 juu ya mahali unapotaka kuweka ndoo. Kivuli chenye kingo kali, kinachoonyesha kila kidole, ni jua kamili. Kivuli chenye ukungu ni mwanga hafifu. Pasipo na kivuli kabisa, hapo si pa mmea wa kuliwa. Hesabu saa za kivuli kikali:

- Mchicha: saa 6 au zaidi.
- Giligilani na vitunguu majani: saa 4.
- Mnanaa: saa 3 zinatosha.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu husahau kuvihesabu: kioo cha rangi, wavu wa mbu na nondo za dirisha. Kioo cheusi cha dirisha la aluminiamu pekee kinaweza kukunyang'anya sehemu kubwa ya mwanga, hata kama sebule inaonekana angavu machoni pako. Jicho la binadamu huzoea upesi, mmea hauzoei. Ukiweza, fungua kioo asubuhi, au weka ndoo nje ya wavu ikiwa kuna balkoni.

Dirisha likikosa jua, taa hufanya kazi. Balbu nyeupe ya LED ya wati 15, ikining'inia sentimita 20 hadi 30 juu ya majani kwa saa 12 kwa siku, itakula yuniti 5 na nusu hivi za LUKU kwa mwezi. Inatosha kwa ndoo moja ya giligilani au kopo la mnanaa. Mchicha usijaribu kuulea kwa balbu moja.

Onyo: ndoo ya lita 10 iliyojaa udongo uliolowa inapita kilo 10, na dumu la mchicha ni zito kuliko hapo. Usiweke chochote kwenye ukingo wa dirisha au juu ya ukuta wa balkoni ambako upepo wa kusi unaweza kukiangushia mpita njia. Weka chini, ndani ya ukuta, au juu ya stuli imara.

## Hatua ya 2: Toboa chombo

Shika msumari kwa koleo, uchome motoni, kisha toboa matundu 8 hadi 10 kwenye kitako, kila moja upana wa penseli. Ongeza manne ubavuni, sentimita mbili kutoka chini, ili maji yapate njia hata kitako kikigusana na kisahani. Fanya kazi hii penye hewa. Moshi wa plastiki si wa kuvutwa.

Usiweke kokoto chini ya udongo. Najua kila mtu anafundisha hivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hukaa juu ya kokoto na kulowesha eneo lile lile lenye mizizi. Kokoto zinakupunguzia kina cha udongo, basi. Kipande cha wavu wa mbu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Kina nacho ni muhimu. Giligilani ina mzizi mkuu unaoshuka wima, kwa hiyo inataka angalau sentimita 20 za udongo. Kwenye kopo la siagi itaota vizuri, ikwame, kisha ikimbilie kutoa maua.

## Hatua ya 3: Changanya udongo

Kwa kipimo cha kopo lolote: udongo 2, samadi 1, makumbi au pumba 1. Udongo wa maeneo mengi ya Dar ni wa kichanga. Kama wako ni hivyo, usiongeze mchanga tena. Udongo mtupu kutoka uani hugandamana ndani ya ndoo baada ya wiki mbili za kumwagiliwa, na mizizi hukosa hewa.

Samadi ya mbuzi au ng'ombe ni salama zaidi kwa anayeanza. Ya kuku ni kali na huunguza miche ikiwa bado mbichi. Kipimo ni pua: samadi iliyooza inanuka udongo baada ya mvua. Ikinuka banda, irudishe ikaoze.

Makumbi ya pwani yana jambo lake. Mengi yanayobaki kwenye kazi ya kamba za usumba yalikuwa yamefukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike, na yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi, yakamue, mwaga maji, rudia mara tatu. Chicha za nazi za jikoni usizitie kwenye ndoo hata kidogo. Zitakuletea sisimizi na uvundo.

Ukimaliza kuchanganya, lowesha kidogo, kamata konzi moja na uiminye. Udongo mzuri hushikamana, kisha husambaratika ukiugusa kwa kidole. Ukibaki donge, ongeza makumbi. Usiposhikamana kabisa, ongeza samadi.

## Hatua ya 4: Panda

### Giligilani

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kosa huanzia kwenye mbegu. Giligilani ya duka la viungo inaweza kuwa ya zamani au iliyopitishwa motoni. Kabla ya kuijaza kwenye ndoo, funga punje 10 ndani ya tishu iliyolowa, uitie kwenye kifuko, na usubiri siku 10. Zikiota 6 au zaidi, endelea. Zikiota 2, hizo ni za pilau.

Kile kiduara unachokiona kama mbegu moja ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Lilaze kwenye kibao, bingirisha chupa juu yake kwa uzito mdogo hadi lipasuke katikati. Ukisikia linasagika, umezidisha. Loweka nusu hizo usiku kucha, asubuhi mwaga maji na upande moja kwa moja kwenye ndoo: kina sentimita 1, nafasi sentimita 3. Usioteshe kwenye kitalu ukahamishe. Ule mzizi mkuu ukiguswa, mmea hushtuka na kutoa maua kabla ya wakati.

Funika kwa gazeti lenye unyevu. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 utaona vijani viwili vyembamba, virefu, visivyofanana kabisa na giligilani. Usivingoe ukidhani ni magugu. Jani lenye kingo za kukatika, lile unalolijua, huja baadaye. Siku ya kwanza unapoona kijani, ondoa gazeti na usogeze ndoo juani.

Majira mazuri ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Joto la Januari, linapofika nyuzi 32, huifanya ikimbilie maua. Ukitaka kupanda wakati huo, ipe jua la asubuhi tu.

### Mchicha

Mbegu ni ndogo mno. Chota kwa ncha za vidole viwili, changanya na kikombe cha mchanga mkavu, ndipo unyunyize juu ya dumu zima. Bila mchanga zitaangukia sehemu moja. Funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita na unyunyize maji kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, maana mkondo wa kikombe utazisomba zote kwenye kona. Siku ya 3 hadi ya 5 dumu litakuwa na wekundu na ukijani wa miche.

Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi au kijani zimetiwa dawa. Shika kwa glovu au nawa mikono, na zinazobaki zisiingie jikoni.

### Mnanaa na vitunguu majani

Hivi ni vyepesi. Chagua kikonyo cha mnanaa kisicho na maua, kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, simamisha kwenye glasi yenye maji na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya siku 7 hadi 10 hutoa mizizi myeupe. Ikifika sentimita 3, hamishia kwenye kopo lake peke yake. Ukiuchanganya na giligilani, mnanaa utaimeza ndoo nzima.

Vitunguu majani, tumia majani jikoni, bakiza sentimita 4 juu ya mizizi, uchomeke udongoni. Utakata tena baada ya wiki mbili. Baada ya mikato mitatu hivi hunyong'onyea. Nunua fungu jingine.

## Hatua ya 5: Mwagilia kwa kidole, si kwa ratiba

"Asubuhi na jioni" ni ushauri wa shambani, kwenye jua na upepo. Ndani ya nyumba, ratiba hiyo inaozesha mizizi. Na mmea wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, kwa hiyo mwenye ndoo huongeza maji, na mche hufa.

Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliolowa, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia polepole hadi maji yatokeze chini, kisha usiguse hadi kidole kiseme tena. Baada ya wiki chache utajua kwa kuinyanyua ndoo tu. Nyepesi ina kiu. Miche midogo ya wiki ya kwanza ndiyo pekee inayohitaji uso wa udongo uwe na unyevu wakati wote, kwa kunyunyiziwa.

Mwagilia asubuhi. Udongo unaolala umelowa, bila hewa, huleta kinyausi: shina la mche hulegea na kuwa jeusi usawa wa udongo, mche huanguka, na kesho yake jirani zake. Ukikiona, ng'oa walioanguka pamoja na udongo uliowazunguka, acha uso ukauke, na upunguze msongamano.

Onyo la kisahani: maji yakikaa siku saba hadi kumi, viluwiluwi wanakuwa mbu. Mbu wa dengi hupenda vyombo vidogo vya namna hii hii, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi, ukiwemo wa 2014 na wa 2019. Mwaga kisahani nusu saa baada ya kumwagilia, kila mara. Na usimwagie balkonini. Chini kuna nguo za mtu.

Maji ya kisima katika mitaa mingi ya Dar yana chumvi. Ukiona ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia na utando mweupe juu ya udongo, ndiyo hiyo. Tumia maji ya bomba, ya mvua, au yale ya kuoshea mchele kabla hujautia chumvi.

## Hatua ya 6: Punguza na ulishe

Kung'oa miche mizima kunauma, ila dumu lenye mche kila milimita halitakupa mboga. Mchicha ukifika urefu wa kidole, ng'oa hadi ubaki mmoja kila sentimita 5; uliong'oa osha, ule. Giligilani ibaki kila sentimita 5 pia, lakini ikate kwa mkasi badala ya kung'oa, usisumbue mizizi ya jirani.

Geuza ndoo robo duara kila baada ya siku mbili, la sivyo miche yote itaegemea dirishani. Kuanzia wiki ya tatu, tandaza konzi moja ya samadi iliyooza juu ya udongo na urudie kila wiki mbili. Majani ya chini ya mchicha yakigeuka manjano kabla ya hapo, ndio njaa. Hapo mbolea ina kazi.

## Hatua ya 7: Wadudu

Geuza jani kila unapomwagilia. Vidukari hukaa upande wa chini, wamejazana karibu na ncha. Inzi weupe wataruka ukitikisa mmea. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja kwanza, kisha nyunyiza chini ya majani jioni na uoshe kwa maji safi asubuhi. Rudia baada ya siku nne. Dawa za mbu za kopo zisikaribie chakula.

## Hatua ya 8: Chuma bila kuua

Giligilani huwa tayari wiki ya 5 au ya 6. Kata mashina ya nje, karibu na udongo, na ubakize nusu ya mmea kila unapochuma. Siku moja utaona shina la katikati linapanda na majani mapya kuwa membamba kama unyoya: imeamua kutoa maua na hairudi. Kukata maua kunachelewesha kidogo tu. Iache izae, punje za kijani zinanoga kwenye achari, na uwe umeshapanda ndoo nyingine wiki tatu kabla. Hii ndiyo siri nzima ya kuwa na giligilani wakati wote. Hakuna ndoo moja inayodumu.

Mchicha, wiki ya 3 hadi ya 4, kata juu ya vifundo viwili vya chini. Utachipua pembeni. Mnanaa, kata ncha mara kwa mara hata kama huna haja nao, ndipo unapotanuka.

Niseme ukweli kuhusu mchicha: dumu moja ni mlo mmoja wa watu wawili, na fungu sokoni ni rahisi. Kama nafasi ni ya ndoo moja tu, panda giligilani. Ni ile unayohitaji vikonyo vitano, ukalazimika kununua fungu zima, nusu yake ikaoza kwenye friji.

## Hatua ya 9: Jikoni

Chatini ya giligilani. Konzi mbili za giligilani pamoja na mashina yake (ladha nyingi iko huko), pilipili mbichi 2, punje 2 za kitunguu saumu, vijiko 3 vya nazi iliyokunwa, chumvi, maji ya ndimu moja. Saga kwa maji ya baridi kidogo sana, kwa mikupuo mifupi. Blenda ikipata moto rangi hufifia. Inapaswa kuteleza taratibu kwenye kijiko, isiwe maji. Kwa bajia, kachori au mihogo ya kukaanga. Kwenye friji ni siku tatu.

Mchicha wa nazi. Kamua nazi moja upate kikombe kimoja cha tui zito na viwili vya tui jepesi. Chemsha kitunguu, nyanya mbili na chumvi ndani ya tui jepesi hadi rojo lianze kuwa zito. Tia mchicha uliooshwa na kukatwa, usifunike, dakika tatu au nne. Mimina tui zito na ukoroge mfululizo, upande mmoja, hadi litoe povu la kwanza. Hapo hapo zima. Ukiliacha likachemka peke yake litakatika, na utabaki na maji na mafuta. Mchicha uliofaulu bado una rangi ya kijani na umeshikana na rojo.

Kwenye mchuzi wa samaki, mashina ya giligilani yaingie mapema na vitunguu. Majani yasubiri hadi umezima jiko. Kwenye kachumbari yaingie mwisho, baada ya chumvi na ndimu, la sivyo yanalegea kabla sahani haijafika mezani.

Mnanaa kwa chai: majani sita, yapasue kwa mkono, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika tano. Usiyachemshe jikoni, yanageuka machungu.

Ukichuma kuliko unavyohitaji, simamisha giligilani kwenye glasi yenye maji sentimita 3, ifunike kwa mfuko na uiweke kwenye friji bila kuiosha. Ioshe siku ya kuitumia. Hukaa wiki nzima. Vitunguu majani hufungwa kwenye kitambaa kikavu, na mnanaa usiupeleke friji kabisa. Acha kwenye mmea wake, ukate unapouhitaji.